Hatua Kumi na Mbili Zisizo na Mwenyewe

Kifungo cha tatu ndicho kilichomshinda. Baba Pacha alikuwa amekwisha kuvifunga viwili vya juu kwa mkono wa kushoto, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, lakini cha tatu kilimtoroka mara nne, na mara ya tano akaketi kitandani akautazama ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelazwa kifuani ndani ya kitambaa cheupe cha hospitali. Mtulinga, mfupa ule unaounga shingo na bega, ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari alikuwa amesema wiki sita, na alilisema hilo huku akimwita mgonjwa mwingine. Wiki mbili zilikuwa zimepita.

Mkewe alimwona kupitia upenyo wa pazia. Hakuingia mara moja. Alingoja kidogo, kisha akaingia akijifanya anatafuta kitana, akapiga magoti mbele yake na kuvifunga vifungo vilivyobaki upesi upesi, huku akizungumzia mambo mengine.

"Hao pacha wako wamekwenda shule na daftari moja. Kila mmoja anaapa kwamba lililopotea ni la mwenzake."

"Mama Pacha."

"Nakusikia."

"Hicho cha mwisho kiache. Nitakifunga mwenyewe."

Akakiacha. Kutoka chumba cha pili ikaja sauti ya Bibi, mama yake Baba Pacha, ambaye ukuta haukuwahi kumzuia kusikia neno. "Mwachie, mkwe wangu, mwachie! Mimi nilimfungia vifungo miaka saba, nikadhani nimestaafu. Kumbe kazi ya umama ni kama ya serikali: unastaafu leo, kesho wanakuita tena kwa mkataba."

Baba Pacha alicheka, kisha akaumia, akalishika bega. "Mama, usinichekeshe. Hili bega halijui kucheka."

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba mikate kwa baiskeli, kreti tatu nyuma na moja mbele, kutoka kwenye tanuri la upande wa juu wa mji hadi vibanda vya chai vya upande wa chini. Alipita njia ya baiskeli, ile iliyotengwa na barabara kuu kwa ukingo wa mawe. Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo, asubuhi ya ukungu, gurudumu la mbele lilizama katika shimo lililokuwa limejaa maji, naye akaruka juu ya usukani. Watu walimwokota yeye kwanza. Mikate iliokotwa baadaye, na si yote iliyorudi kwa mwenyewe.

Mwenye tanuri alikuja kumpa pole, akaketi ukingoni mwa kiti. "Mahali pako papo," alisema. "Mpwa wangu atakushikia mpaka upone. Lakini nakwambia wazi, maana kuficha ni kudanganya. Lile shimo likiwa bado lipo mwisho wa mwezi, nitampa kazi mtu wa pikipiki. Siwezi kumtuma mwenye baiskeli barabara kuu katikati ya malori, wala siwezi kumtuma shimoni."

Ndiyo maana asubuhi hiyo Baba Pacha alikuwa akivaa shati la kutokea. Walikuwa wanakwenda kuwauliza wenye njia ni lini wataliziba.

*

Njia ilikuwa na wenyewe wawili, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Iliteremka katika eneo la halmashauri ya juu hadi kwenye nguzo fupi ya zege iliyopakwa bluu. Kisha ikapita juu ya kalvati, bomba kubwa la kupitisha maji ya mvua chini ya njia. Kisha ikaifikia nguzo ya kijani ya halmashauri ya chini, ikaendelea zake. Kati ya nguzo na nguzo palikuwa na hatua kumi na mbili. Shimo lilikuwa kwenye hatua ya saba.

Karani wa ofisi ya juu aliwatazama kupitia dirisha la kioo lenye tundu dogo, kiasi kwamba mtu alipaswa kuinama ili asikike.

"Shimo lina namba?"

"Namba?" aliuliza Baba Pacha.

"Kila shimo lililosajiliwa lina namba, mzee."

"Bwana mdogo, mimi nimelisajili kwa bega."

Karani hakucheka. Alileta ramani, akaburuta kidole mpaka kwenye mstari, akakigonga hapo. "Sisi tunaishia hapa. Nendeni kwa wenzetu."

Wakaenda kwa wenzao, mwendo wa nusu saa kwa miguu, yeye akitembea kama aliyebeba yai. Karani wa huko naye alileta ramani, naye akaburuta kidole, akitokea upande mwingine. Kisha akaliona koti la Mama Pacha, lile la rangi ya chungwa lenye herufi za halmashauri ya juu mgongoni, kwa kuwa Mama Pacha alikuwa mfagiaji wa njia hiyohiyo na alikuwa ameomba ruhusa ya muda wa saa tatu tu.

"Wewe si wa huko juu?" aliuliza karani kwa sauti ya kusikiwa na foleni. "Waajiri wako wamekuchoka, unakuja kutulilia sisi?"

Watu wawili watatu walicheka. Karani alisukuma fomu. "Sahihi hapa."

"Mkono wangu ndio huu uliovunjika," alisema Baba Pacha.

"Basi dole gumba. Kidau cha wino kile pale."

Baba Pacha alikuwa na mwandiko ambao mwenye tanuri aliutumia kuandikia vibao vya dukani. Alikitazama kidau cha wino kama mtu aliyeonyeshwa kitanda cha mwingine akaambiwa alale. Mama Pacha akaichukua kalamu. Yeye alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, katika darasa la jioni la watu wazima, na kila herufi aliijenga kama ukuta, tofali baada ya tofali. Nyuma yao mtu aliguna. Mwingine akaangalia saa.

"Mama, unachora?" aliuliza karani.

"Ninaandika," alisema Mama Pacha, na hakuongeza mwendo.

*

Mvua ilinyesha siku mbili. Ilipokatika, Mama Pacha alirudi kwenye kipande chake na fagio lake refu.

Kipande hicho kilisifiwa. Kila Alhamisi msimamizi wa wafagiaji alipita akikagua, na kila Alhamisi alisema kwamba kama wote wangefagia kama Mama Pacha, yeye angekaa nyumbani alee wajukuu. Lakini kila mvua ilibeba mchanga mwekundu kutoka vichochoro vya juu ambavyo havikuwa na lami, ikaumwaga njiani, na dampo lilikuwa mbali, na toroli lilikuwa moja kwa wafagiaji wanane. Siku yake ya kwanza kazini alifundishwa namna ya kumaliza: unafagia kwa kuteremka, na ukifika kwenye nguzo unapiga mafagio matatu ya nguvu, rundo linavuka. Uchafu ukishavuka nguzo si wako. Alikuwa amefanya hivyo kwa miaka sita bila kuuona kuwa ni jambo, kama mtu anavyofunga mlango akitoka.

Siku hiyo alipofika kwenye nguzo hakupiga yale mafagio matatu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, aliivuka.

Shimo lilikuwa pana kuliko alivyosimuliwa. Lami ya ukingoni ilikuwa imebaki kama ukoko, chini yake patupu. Alishuka mtaroni hadi kwenye mdomo wa kalvati, akaingiza mpini wa fagio. Uliingia shubiri moja, ukagota. Akapiga magoti, akachimbua kwa mikono. Ulitoka mchanga mwekundu, kisha tabaka la majani meusi yaliyooza, kisha mchanga mwekundu tena, kisha majani. Kwa upande wa chini udongo ulikuwa wa kijivu. Hapakuwa na mahali pengine popote ambapo mchanga mwekundu ungeweza kutoka.

Akabaki pale akiwa amechuchumaa. Maji yalikuwa yamekosa njia ya chini, yakajitafutia ya juu, yakaila njia polepole kwa ndani. Hakuhitaji mhandisi wa kumweleza. Alikuwa ameliona hilo mara nyingi kwenye karo la nyumbani.

"Unatafuta nini huku kwetu?" sauti ikauliza juu yake.

Alikuwa mfagiaji wa upande wa chini, mzee mwembamba ambaye watu walimwita Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Kwa miaka sita walikuwa wameonana kila asubuhi, hatua kumi na mbili baina yao, wasisalimiane. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa rundo la majani ambalo upepo, au mtu, alilivusha.

"Huku si kwenu," alisema Mama Pacha. "Nguzo yenu ile pale."

"Basi si kwenu vilevile."

"Ndiyo. Si kwetu."

Hakuna aliyebaki na cha kutetea. Kofia akavua kofia yake, na kumbe kichwa chake kilikuwa na upara mpole kama wa mtoto mchanga. Ndani ya kofia mlikuwa na barua iliyokunjwa mara nne.

"Wewe unajua kusoma," alisema. "Nimekuona wakati wa mapumziko ukisoma mabango, midomo inacheza. Nisomee hii. Vijana wa ofisini wakinisomea wanaruka ruka."

Mama Pacha alijifuta mikono kwenye koti, akaisoma bila kuruka. Mfagiaji aliyetajwa alitakiwa kujieleza kwa nini asiondolewe kazini kwa uzembe uliosababisha kalvati kuziba na raia kujeruhiwa. Kikao kingefanyika mahali pa tukio, Jumatano, saa nne asubuhi, mbele ya wahandisi wa halmashauri zote mbili.

"Raia ndiye nani?" aliuliza Kofia.

"Ni mume wangu."

"Yule wa mikate?" Mzee aliishika kofia kwa mikono miwili. "Hunipigia kengele kila siku akipita. Njia nzima hii, ni yeye peke yake anayenisalimu." Akatazama chini, kwenye majani meusi. "Nisamehe, mama. Hayo majani nilikuwa nikiyasukuma mimi. Nilifikiri maji yatayachukua."

Mchanga mwekundu ulikuwa bado chini ya kucha za Mama Pacha. Akairudisha mikono yake nyuma.

"Pole, mzee," alisema. Njia nzima ya kurudi alitamani laiti mzee yule angemtukana.

*

Alasiri alimwogesha mumewe uani, nyuma ya kiambaza cha mabati. Alimimina maji kwa kopo, akizunguka kitambaa cha bega, naye Baba Pacha aliinamisha kichwa kwa utiifu. Bibi aliketi kibarazani akishona sare za pacha, mgongo amewapa kwa heshima, masikio hapana.

"Baba Pacha, lile shimo ni langu."

"Lina namba?"

Hakucheka. Akamweleza yote: mafagio matatu, mchanga, matabaka, barua ya Kofia. Alieleza huku akiendelea kumsugua mgongo, kwa kuwa mgongo hauna macho. Alipomaliza, maji ya ndoo yalikuwa yamepoa.

"Nilikuwa nakuona," alisema Baba Pacha.

"Ulikuwa unaniona?"

"Kila siku ukisukuma. Nikifika kule kwa wauza chai nawaambia, mnakiona kile kipande kisafi kama sahani? Ni cha mke wangu. Nilikuwa naringa, Mama Pacha. Na lile shimo nimelijua tangu likiwa la kutosha kikombe. Nikalikwepa. Likawa la kutosha sufuria, nikalikwepa. Ningekwambia jioni yoyote ile. Sikukwambia."

"Kwa nini?"

Alifikiri. "Lilikuwa limeshavuka nguzo yako."

Kopo lilibaki hewani. Kisha wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokamatwa pamoja. Lakini Baba Pacha aliacha kucheka kwanza.

"Jumatano usiseme neno," alisema.

"Watamfukuza Kofia."

"Watamwonya tu. Ofisi zinapenda kutisha. Wewe wakikutoa, nyumba hii ina mikono gani tena? Huu wangu ndio huu. Mama ni mzee. Nimevunjika mtulinga, mke wangu. Usinivunjie na nyumba."

"Wakimtupia yeye lawama watakuwa wamemaliza," alisema Mama Pacha. "Watatia kifusi juu, wapige picha, waondoke. Kalvati itabaki vilevile. Mvua ya kwanza litafunguka tena, na siku hiyo wewe utakuwa umekwisha kupona. Utakuwa juu ya baiskeli."

Baba Pacha alinyoosha mkono wake mzima kuomba taulo.

Bibi akakata uzi kwa meno. "Huyo mwenye kofia," aliuliza bila kugeuka, "ana watoto?"

"Sijui, mama."

"Miaka sita?"

Hapo pacha wakarudi kutoka shule wakigombania lile daftari moja.

*

Jumatano saa nne kulikuwa na jua kali. Mhandisi wa halmashauri ya juu alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira. Wa chini alikuwa mwanamume mfupi, na ramani aliyoishika ilikuwa imekunjwa vibaya kiasi kwamba upepo uliisoma kabla yake. Msimamizi wa wafagiaji wa juu alikuwepo, na Mama Pacha aliyekuwa zamu, na Kofia, ambaye alisimama kichwa wazi, kofia mkononi. Baba Pacha alikuja bila kualikwa, akakaa juu ya ukingo wa mawe. Tangu asubuhi hakuwa amemsemesha mkewe ila kumwambia kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka.

Wahandisi walivuta utepe kutoka nguzo hadi nguzo.

"Mita tisa," alisema mwanamke.

"Tisa na nukta mbili."

"Haya, tisa na nukta mbili. Za nani?"

Hapo wakaanza. Mmoja alikuwa na waraka wa zamani, mwingine alikuwa na waraka mpya. Njia ni ya huyu lakini kalvati ni ya yule. Maji ni ya juu lakini mafuriko ni ya chini. Waendesha baiskeli waliokuwa wakipita walilazimika kushuka na kukokota baiskeli kwa kulizunguka shimo. Muuguzi mmoja mwenye sare alisema, "Samahani, jamani," mara tatu kabla ya kupishwa.

"Kwa vyovyote," alisema mhandisi wa chini, "uzembe wa kutozibua ni wa mfagiaji wetu, na hatua tumeanza kuchukua. Sisi tutaleta kifusi, nyinyi mlete lami, tumalizane. Mzee, una la kusema?"

"Sina, mkubwa," alisema Kofia. "Majani ni yangu."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Baba Pacha alikuwa akiyatazama malori ya barabara kuu.

"Na mchanga ni wangu," alisema Mama Pacha.

Msimamizi akageuka. "Mama Pacha, hujaulizwa."

"Najua sijaulizwa, bwana." Akalichukua koleo lililokuwa limeegemezwa kwenye nguzo, akashuka mtaroni, akakata kipande kwenye mdomo wa kalvati kama mtu anayekata sabuni, akapanda nacho na kukiweka juu ya lami, miguuni pao. Kilikuwa na mistari, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi.

"Mwekundu unatoka vichochoro vya juu," alisema. "Nimeusukuma mimi kila mvua, miaka sita. Mweusi ni majani ya miti ya chini; aliyasukuma yeye kila kiangazi. Hesabuni mistari. Mkimwondoa kwa mweusi, mniondoe kwa mwekundu. Ila msitie kifusi juu ya haya. Mume wangu atapita hapa."

Mhandisi wa juu alikitazama kile kipande, kisha akamtazama yeye.

"Nani alikufundisha kusukuma?" aliuliza yule mwanamke mhandisi.

Mama Pacha alimjua vizuri. Msimamizi alikuwa mfagiaji kabla ya kuwa msimamizi, na siku ile ya kwanza, miaka sita nyuma, yeye ndiye aliyelishika fagio akamwonyesha. Hakumtaja. Alikitazama tu kile kipande cha mchanga.

"Kila mfagiaji anafundishwa hivyo," msimamizi akasema mwishowe, akiwa anazungumza na viatu vyake. "Mimi nilifundishwa hivyo. Nami nimefundisha. Dampo liko mbali, mheshimiwa, na toroli ni moja."

Yule mwanamke alichuchumaa, akakigusa kile kipande kwa kidole. Alipoinuka alimtazama mwenzake bila kuifungua ramani.

"Kuhusu lami tunaweza kubishana mpaka masika mengine. Lakini kalvati haina nusu."

"Haina," alikiri yule mfupi. Akajikuna shingo. "Nikileta zege na kokoto, utaleta bomba?"

"Nitaleta bomba jipya na mafundi wawili. Nawe ulete sahihi ya mkurugenzi wako kabla ya Ijumaa."

"Wangu ni mwepesi. Wako je?"

"Wangu nitamkalia mlangoni."

Wakaendelea kuzungumza, na sasa walizungumza kama mafundi. Kizimba cha takataka kijengwe hapohapo karibu na kalvati, lori la juu likizoe wiki hii, la chini wiki ijayo. Kila halmashauri itoe toroli. Wafagiaji wawili wasiishie kwenye nguzo; kila mmoja avuke mpaka kwenye nguzo ya mwenzake. Na mara moja kila mwezi wahandisi wawili waitembee njia pamoja, kwa miguu, juu hadi chini. Yote hayo yaliandikwa nyuma ya ile ramani.

Kisha yule mwanamke akamgeukia Mama Pacha, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyependa anachotaka kukisema. "Umesema mbele ya ofisi mbili, mama. Siwezi kufanya kana kwamba sikusikia."

Walisimamishwa mwezi mmoja bila mshahara, yeye na Kofia. Hakufukuzwa mtu.

Waliporudi nyumbani Baba Pacha alisimama mlangoni, mkono mzima juu ya komeo.

"Ulisema vizuri," alisema. "Na bado nimekasirika."

"Kasirika basi. Lakini ule kwanza."

*

Mwezi ulikuwa mrefu. Mama Pacha alifua nguo za watu, Bibi alishona kola na pindo za majirani na kuwadai malipo ana kwa ana, pacha walijifunza kuandika hesabu mbele ya daftari moja na lugha nyuma yake. Siku ya mwisho ya mwezi ule wa ajali, mwenye tanuri alikwenda mwenyewe kalvatini. Alikuta bomba limelazwa na zege limekauka, akalikanyaga kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayemjaribu ng'ombe sokoni, kisha akapita kwa Baba Pacha kumwambia kwamba mtu wa pikipiki ametafutiwa kazi nyingine.

Katikati ya mwezi uliofuata kitambaa kilitoka shingoni. Siku kumi hivi baadaye, iliangukia kwamba asubuhi aliyorudi kazini Baba Pacha ndiyo aliyorudi kazini Mama Pacha pia. Walitoka pamoja tanurini, yeye akiikokota baiskeli yenye kreti mbili tu, mkewe akiwa na fagio begani. Kwenye mwanzo wa mteremko Baba Pacha akapanda. Alikwenda taratibu, mkewe akimfuata kwa hatua za haraka, akimwona mgongo ulivyokakamaa.

Alipokaribia nguzo ya bluu akashika breki. Akashuka. Mbele yake zege jipya lilikuwa jeupe na laini, bila hata ufa wa kuingiza unywele.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Pacha alipomfikia.

"Hakuna kitu."

"Mbona umeshuka?"

"Nimesema hakuna kitu." Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Waendesha baiskeli wawili waliwapita wakavuka kalvati bila kuitazama. "Naona nitaikokota hapa leo. Kesho nitapanda."

Mama Pacha aliegemeza fagio lake kwenye nguzo. Alishika keria, nyuma ya kiti, kwa mikono miwili.

"Panda," alisema.

"Watu wataniona."

"Watamwona mtu na mkewe. Panda, mikate inapoa."

Akapanda. Gurudumu la mbele lilitikisika, kreti zikalia, mkewe akaishika keria kwa nguvu akaanza kutembea. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ng'ambo, Kofia aliyekuwa ndio kwanza anaanza kufagia, alisogea pembeni, akainua fagio lake kama mlinzi anayefungua lango. Hatua ya saba Baba Pacha alifumba macho, na Mama Pacha aliliona hilo kwa namna mabega yalivyopanda. Akamsukuma. Ya nane. Ya tisa. Kwenye ya kumi na mbili nguzo ya kijani ilibaki nyuma yao, na baiskeli ilikuwa imenyooka, na Mama Pacha alikuwa bado ameishika.

"Achia sasa," alisema Baba Pacha, sauti imemrudia. "Umevuka mpaka wako. Huku si kwenu."

"Nyamaza," alisema mkewe, akihema nyuma yake. "Kanyaga."